Mashine Iliyolea Vifaranga

Mke wangu ndiye aliyegundua mashine yangu ina faida gani. Mimi nilikuwa nimeijenga kwa miezi miwili, nimeihubiri kwa kila mteja aliyeleta televisheni dukani kwangu hapa Kitengela, na bado sikuwa nimeona alichokiona yeye kwa dakika moja. Alisimama mlangoni mwa stoo yetu ya mabati nyuma ya nyumba, akanyoosha mkono mbele ya feni, akasema, "Ai, mzee, si hii ni joto ya kulea vifaranga!"

Nilikasirika. Mimi ni mtu wa kuwaka haraka na kupoa polepole, hata wateja wangu wanajua. Wakiniona nimekunja uso wanaacha redio mezani na kurudi wiki ijayo. Nikamwambia hilo si jiko, ni mtambo wa kuchimba sarafu za mtandaoni, na kama anataka joto aende akaote jua. Akacheka kile kicheko chake kinachoanzia tumboni. "Nyinyi watu wa Murang'a," akasema, "hata moto mkiwasha lazima utoe shilingi." Kisha akaenda kuanua nguo.

Kwa asiyejua, niieleze mashine hiyo kama ninavyoeleza dukani. Ni kadi sita, zile ambazo vijana hutia kwenye kompyuta ili gemu zionekane vizuri, zimepangwa mstari mmoja kwenye fremu na kuunganishwa na kompyuta moja ndogo. Kazi yake ni kupiga hesabu mchana na usiku, pamoja na maelfu ya mashine nyingine duniani, kulinda daftari la sarafu ambayo hakuna mtu amewahi kuishika mkononi. Anayesaidia kulinda hupewa kichembe chake. Watu huita kazi hiyo kuchimba. Yangu haikuwa ile sarafu ya kwanza inayotajwa kila siku kwenye redio. Ilikuwa ya pili yake, ambayo mtu wa kawaida aliweza kuichimba nyumbani bila kuuza shamba.

Kadi nilinunua moja moja, zote za mkono wa pili, huko Nairobi, na kila niliporudi na moja nilimwambia mke wangu hiyo ni ya mwisho. Fremu niliikata kutoka kwa kitanda cha deka, kile cha ghorofa, cha watoto wetu, ambao walikuwa wameshakua na kuondoka. Adui alikuwa vumbi. Asiyekaa Kitengela hajui vumbi. Kuanzia Julai upepo hutoka huko nyikani ukipita juu ya ardhi iliyopasuka, na ukifunga dirisha unaingia kwa tundu la kitasa. Nilishona pazia kuukuu la neti mbele ya feni (sawa, ni mke wangu aliyelishona) na kila Jumamosi nililifua, maji yakitoka meusi kama chai ya turungi.

Mama wa Kimasai anayetuletea maziwa aliikuta mashine ikinguruma asubuhi moja. Alikuwa jirani yetu tangu tuhamie, ploti yetu ilikatwa kutoka kwa shamba la ukoo wao, kwa hiyo alijiona ana haki ya kukagua. "Sopa," nikamwamkia. "Epa," akajibu, macho yakiwa kwa mashine. Akauliza inachimba wapi, mbona haoni shimo. Nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho, kwa heshima kabisa, kisha akamgeukia mke wangu: "Na ikichoka, inachinjwa?" Wale wawili walicheka mpaka maziwa yakamwagika.

Basi mambo yalikuwa hivyo. Mimi na mtambo wangu, na mke wangu na kazi yake. Miaka mingi alikuwa ameshona nguo kwenye kiwanda huko Athi River, shati moja mwanamke huyu anashona kola, yule mkono, yeye alikuwa wa vifungo. Jioni alirudi mgongo umekakamaa, akilala anageuka kwa vipande, bega kwanza, kiuno baadaye. Alichotaka ni kuacha vifungo na kufuga kuku. Alishajaribu mara mbili. Kuku wakubwa hawana shida. Shida ni vifaranga wa siku moja, wanaohitaji joto usiku na mchana kwa wiki tatu. Alikuwa akitumia jiko kubwa la makaa, na jiko la makaa linataka mtu wa kuliamkia. Akiamka, kesho vifungo vinamshinda. Asipoamka, asubuhi anaokota vifaranga. Mara ya pili moshi uliwamaliza wote. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akawatazama, kisha akavaa viatu akaenda kazini.

Kwa hiyo alipotaja joto la mashine tena, wiki mbili baadaye, safari hii akinisihi, hasira yangu ilishapoa. Isitoshe, fundi ni fundi. Ukinipa tatizo la joto na hewa siwezi kulala. Nilikunja bati laini likawa bomba, nikalitoa nyuma ya zile kadi, nikalipitisha kwenye ukuta wa mbao hadi nusu ya pili ya stoo. Huko yeye akazungusha hadibodi ikawa duara, kwa sababu vifaranga wakipata kona wanajazana humo na kukanyagana. Tukatandaza maranda kutoka kwa seremala, tukaninginiza kipimajoto. Stima yote inayoingia kwenye mashine hutoka ikiwa joto, hakuna inayopotea. Hiyo nilijua tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Sikujua tu kwamba inaweza kutoka ikawakuta vifaranga mia mbili wamelala kifudifudi, mabawa yametandazwa, wamelewa raha.

Nitasema ukweli: nilipenda. Nilikuwa nikiingia stoo asubuhi kukagua kadi, lakini nilimaliza haraka na kwenda kusimama upande wa pili. Ukipiga mluzi wote wanainua vichwa. Kundi la kwanza tulipoteza tisa tu. La pili, wanne. Mke wangu aliandika barua ya kuacha kazi akiwa amekaa jikoni, akanisomea kwa sauti, kisha akauliza mara moja tu, "Hii mashine yako, itaendelea?"

"Hii?" nikamwambia. "Hii itatuzika sisi."

Aliipeleka barua. Lile jiko kubwa la makaa akampa mama wa maziwa, kwa sababu lilikuwa linachukua nafasi na kushika kutu. Kuku wakawa kazi yake. Alinunua gambuti za kijani, akaanza kuamka bila kushika kiuno. Mayai aliyapeleka Kisaju kila wiki, na wanunuzi wake huko walimheshimu, walimwita madam. Nilimsikia siku moja akiongea nao kwa simu na sikuitambua sauti. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye kitu chake.

Sasa nifike kwa kosa langu, maana nimezunguka vya kutosha.

Wenye ile sarafu walikuwa wametangaza muda mrefu kwamba wataubadilisha mfumo wake. Daftari litalindwa kwa njia nyingine, na mashine za kuchimba hazitahitajika tena. Si kupunguziwa kazi, ni kufutwa. Kila mchimbaji alijua. Lakini walikuwa wametangaza na kuahirisha, wakatangaza na kuahirisha, mpaka tukawa tunacheka. Kwenye vikundi vya simu vya wachimbaji watu walisema, hao watabadilisha siku punda akiota pembe. Mimi pia nilisema. Kisha mwaka ukafika ambapo hawakuahirisha. Mwezi Agosti ikawa wazi: ni Septemba, katikati ya mwezi, wiki fulani. Saa kamili tu ndiyo haikujulikana.

Na mke wangu alikuwa ameagiza vifaranga mia tatu, kundi kubwa kuliko yote, wafike wiki moja kabla ya siku hiyo.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumwambia. Haingechukua dakika mbili. Mama watoto, mashine itakosa kazi, tutafute njia nyingine ya joto. Taa mbili za joto zingetosha, zile nyekundu, zinauzwa mjini kwenye maduka ya dawa za mifugo. Mimi mwenyewe ningezifunga kwa saa moja. Lakini kumwambia hivyo ilikuwa kumwambia kwamba mtambo niliouhubiri, ambao kwa ajili yake alitupa kazi ya miaka mingi, ulikuwa hita tu, hita ya bei ghali kuliko zote Kajiado. Na kwamba niliposema itatuzika nilikuwa nabwabwaja. Kiburi, basi. Silitafutii jina lingine. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nilidhani wanasema juu ya watu wengine.

Nilikuwa na mpango wangu wa siri. Siku ikifika, ningeihamisha mashine kwenye sarafu nyingine ndogo. Haingeleta chochote cha maana, ingekula stima bure, lakini kadi zingepiga hesabu na joto lingetoka. Vifaranga wakishaota manyoya ningemwambia polepole. Nikaiandikia mashine amri: kazi hii ikiisha, hamia kwa ile. Niliijaribu mara moja, ikakubali. Nikalala usingizi mzuri kama mtu mwaminifu.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Asubuhi kulikuwa na mawingu mazito na upepo ule wa Septemba unaopenya sweta. Nilikuwa nimeitwa Kajiado mjini, shule moja huko mashine yao ya fotokopi ilikuwa inatafuna karatasi. Yeye alikuwa anaenda Kisaju na trei zake za mayai. Tulifunga mlango wa stoo pamoja. Vifaranga walikuwa na siku sita, bado wana yale manyoya laini ya mtoto, wanalia kwa furaha ndani humo. Akasikiliza kidogo.

"Wako sawa?" akauliza.

"Wako sawa," nikamwambia. Wakati huo walikuwa sawa.

Nikapanda pikipiki yangu. Ilipokaribia saa nne nilikuwa nimeshafungua tumbo la ile fotokopi ofisini kwa sekretari wa shule, mikono imejaa wino, simu ikatetema. Ninayo kwenye simu programu inayonionyesha kadi zote sita, kila moja inafanya kazi kiasi gani na iko na joto gani. Nikatazama. Sifuri. Sifuri, sifuri, mpaka chini. Ile kazi ilikuwa imekwisha duniani kote, wakati mmoja, na watu huko kwingine walikuwa wanashangilia.

Nikangoja ihamie kama nilivyoiamuru. Haikuhamia. Kumbe siku niliyoijaribu nilikuwa peke yangu mlangoni. Siku hiyo wachimbaji wote wa dunia walikuwa wamefika kwa ile sarafu ndogo kwa mpigo, wanasukumana, na mlango umefungwa. Nikatazama namba za joto. Kadi ya kwanza ilikuwa sitini na moja. Nikaona hamsini. Nikaona arobaini na mbili.

Ndipo nikakumbuka feni. Kwa sababu ya vumbi na joto la mabati nilikuwa nimezifunga zizunguke kwa kasi moja daima, kazi iwepo au isiwepo. Zilikuwa zinaendelea kuzunguka. Zilikuwa zinavuta ule upepo wa nje, unapita kwenye kadi zilizopoa, unaingia kwenye bomba langu nililolikunja kwa ustadi wote ule, na unawamwagikia vifaranga wa siku sita. Kama ningezima stima yote wangekuwa salama zaidi kuliko vile nilivyowaacha.

Simu ilikuwa mkononi. Mke wangu alikuwa Kisaju, nusu saa tu kutoka nyumbani kwa bodaboda. Mama wa maziwa alikuwa ng'ambo ya ua wetu, na jiko letu analo. Simu moja tu. Lakini kumpigia mke wangu kulikuwa kukiri, na kumpigia yule mama kulikuwa vivyo hivyo, kwa sababu angemwambia mwenzake kabla sijavaa helmeti. Nikaiweka simu juu ya fotokopi, nikafuta wino kwenye suruali, nikaanza kuandika amri. Nikajisemea, dakika tano. Nikiipata sasa hivi hakuna mtu atakayejua.

Dakika tano zikawa saa nzima. Mtandao unashika, unakatika. Nikiingia, mlango ule umefungwa. Nikajaribu sarafu nyingine, nikakosea herufi moja, mashine ikajizima na kujiwasha, feni zikarudi kasi ile ile. Hata kuzima feni hakukuniingia akilini. Nilitaka moto urudi, basi. Sekretari, dada mmoja mpole, akaniuliza, "Fundi, kwani itapona?" Nikamfokea. Nikamwambia kama anajua kuitengeneza achukue bisibisi. Akaendelea kupanga faili zake. Namba zilikuwa zimefika kumi na tisa, kadi zote sita, na hapo zikatulia kwa sababu hapakuwa na baridi zaidi ya kushukia.

Niliacha fotokopi imepasuliwa pale sakafuni, sikuaga. Nilipanda pikipiki nikashika barabara ya Namanga kurudi nyumbani, na nilivyoendesha siku hiyo sitaki watoto wangu wajue.

Na hapa kuna jambo. Ukitoka Kajiado kwenda Kitengela lazima upite Kisaju. Nilimwona. Alikuwa amesimama kando ya barabara karibu na vibanda, leso yake ya njano begani, trei za mayai zimebaki mbili chini, anaongea na mama mmoja na anacheka. Ingemchukua dakika moja kupanda nyuma yangu. Tungefika pamoja, mikono minne, na yeye ndiye anayejua kumfufua kifaranga, mimi sijui. Nikashusha kioo cha helmeti, nikaongeza mafuta, nikapita. Bado nilikuwa nadhani naweza kufika kwanza nikapanga mambo.

Nilifika. Nilipofungua mlango wa stoo nilisikia feni tu.

Walikuwa wamejirundika upande wa mbali kabisa na bomba, kwenye ukingo wa lile duara ambalo mke wangu alilizungusha ili kusiwe na kona. Wakikosa joto huwa wanatafuta joto la wenzao, kila mmoja anataka kuingia katikati, wa juu wanawakandamiza wa chini. Waliokufa wengi hawakufa kwa baridi, walikufa kwa kukosa hewa. Nilizima feni. Nikapiga magoti nikaanza kuwatoa. Wa juu walikuwa hai, wanatetemeka. Nikitoa tabaka hilo, chini yake walikuwa wamelowa unyevu wa pumzi za wenzao, shingo zimelegea. Niliwatia kwenye sweta yangu, kwenye kofia, kwenye shati. Nililia. Mimi, mtu mzima, nilikuwa nimepiga magoti kwenye maranda nikilia na kuwapulizia vifaranga mdomoni.

Nikakimbia kwa mama wa maziwa. Safari hii hapakuwa na sopa. Aliniona nilivyo, bila shati, akalibeba jiko likiwa na makaa yanayowaka humo humo, akatoka nalo mbio kunishinda. Tulikuwa tumewatenga walio hai tukawapanga kuzunguka jiko aliposikika mke wangu getini, akiwa bado anamsimulia mwenye bodaboda kitu fulani cha kuchekesha.

Yule mama alisimama, akatikisa gauni lake, akampita mke wangu pale mlangoni akimgusa bega.

Mke wangu aliingia. Aliangalia jiko kwanza. Kisha akaangalia rundo nililolifunika kwa gunia. "Woi," akasema, taratibu sana. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Kelele ninaijua, nina majibu yake. Alivua viatu vya Kisaju, akavaa gambuti, akapiga magoti pale nilipokuwa nimepiga mimi na kuanza kuwashika walio hai mmoja mmoja, anatia kidole kwenye maji ya sukari na kuwadondoshea. Aliwaokoa saba niliokuwa nimewatupa upande wa wafu. Walibaki mia moja na kumi na kitu.

Jioni ikaja na kazi ya kuzika. Huwezi kutupa vifaranga karibu mia mbili hivi hivi, mbwa watawafukua. Nilichimba nyuma ya choo. Ardhi yetu ni ile nyeusi, ikikauka ni jiwe, kila pigo la jembe linarudi mabegani. Yeye alisimama kando na karai. Nilipofika magotini akaniambia, "Stima ilipotea?"

Hapo nilikuwa nimepewa njia. Kitengela stima inapotea, kila mtu anajua, hata ningesema ndiyo angeamini, na mpaka leo ingekuwa stima. Niliona ile njia jinsi ilivyonyooka. Nikaegemea jembe.

"Hapana," nikasema. "Stima ilikuwako. Ile sarafu imekwisha. Hakuna kuchimba tena."

"Imekwisha leo?"

"Leo."

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilijua tangu Agosti."

Nikaona nikiacha hapo nitakuwa nimesema nusu, na nusu ndiyo iliyotufikisha kwa lile shimo. Nikamwambia juu ya simu iliyokuwa mkononi mwangu Kajiado, saa nzima. Nikamwambia nilipita Kisaju, nikamwona, na leso yake, na trei mbili, na nikashusha kioo. Nilisema nikiangalia udongo. Nilikuwa nangoja anitupie lile karai, na kweli ningeshukuru.

Aliinama akaanza kuwashusha shimoni. Hakuwamwaga. Aliwachukua kwa mikono miwili, wachache wachache, akawapanga. Mimi nikabaki nimesimama na jembe langu. Alipomaliza akajifuta kwa leso, akazungumza kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuuliza kama chumvi imekwisha.

"Jumapili iliyopita baada ya kanisa tulikuwa tumekaa kina mama. Yule mmoja ambaye bwanake anachimba kama wewe akaniambia, hizo mashine zitazima wiki hii, wewe umeweka nini kwa vifaranga? Ameshanunua taa. Akaniambia nunua pia, kuna mbili zimebaki kwa lile duka."

Nikamwangalia.

"Nikamwambia sihitaji," akasema. "Nikamwambia yetu haizimi. Ingekuwa inazima, mzee wangu angeniambia. Nilisema mbele ya wote."

Akachukua karai lake, akarudi stoo kuongeza makaa.